Gesi Iliyotuhamisha Mtondooni

Mwanangu Tausi,

Barua huanza kwa kumjulia hali mtu aliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko Tandale kwa shangazi yako, umekwenda kumchukua aje kukusindikiza, na jioni mtarudi tule pamoja. Hata hivyo nakuandikia, kwa sababu najijua. Nikikaa nawe uso kwa uso nitakuuliza kama umekula, utanijibu umekula, na mazungumzo yetu yatakuwa yameishia hapo. Ndivyo tulivyoishi mie na wewe. Karatasi hainitazami, kwa hiyo naweza kusema nayo.

Sitakuambia uvae nguo nzito wala uchunge pasipoti yako. Hayo shangazi yako ameshakuambia, na kesho uwanja wa ndege atayarudia mpaka uchoke. Nataka kukusimulia habari za Mtondooni kwa mdomo wangu mwenyewe. Umezisikia kwa jirani yetu Bi Salima vipande vipande, na vingine uliviona kwa macho yako ulipokuwa mtoto. Unakwenda Aljeria kusomea gesi. Si vizuri uende kuisomea kabla hujamsikia baba yako akikueleza ilivyoingia nyumbani kwetu.

Mie, kama ujuavyo, ni mtu wa Kilwa. Nilikuja Dar es Salaam kijana, uhuru ungali mbichi, watu bado wanasalimiana kwa furaha hata na wasiowajua. Nikapata kibarua cha kupakua mizigo bandarini. Jamaa zangu wa kusini walikuwa wamepanga Temeke, wanaume tele chumba kimoja, na kila mmoja anakoroma kwa lugha yake. Nilichoka. Siku moja ya mapumziko nikafuata pwani kuelekea kusini, nikapita Mbagala, nikaenda tu, hadi nikakuta nyumba chache zenye minazi na moshi mweupe mzito. Palikuwa Mtondooni. Moshi ulikuwa wa matanuri ya chokaa. Watu wa pale walikuwa wakikusanya mawe ya matumbawe, wanayapanga juu ya magogo, wanachoma, kisha wanayamwagia maji mpaka yanapasuka na kuwa unga wa kupaka nyumba.

Mama yako alikuwa binti wa wachoma chokaa. Nilisimama karibu na tanuri nikishangaa, naye akaniambia, "Ukisimama hapo utaungua. Upepo unageuka." Hakunisalimu, hakuniuliza natoka wapi. Nikasogea, na kweli upepo ukageuka, moto ukalamba pale pale niliposimama. Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia kwa Mwanahawa. Nakuambia hili ili ujue alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa anaona kitu kabla hakijaja, na alikuwa anakisema mara moja, harudii.

Tukaoana, ukazaliwa wewe. Majirani wakanichagua kuwa balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa najua kusoma, nilikuwa na sauti, na nilikuwa naipenda nchi. Usicheke. Tuliipenda kweli. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu kueleza habari za chama na za ujamaa mpaka koo linakauka, na sikuwa nikisema nisichokiamini. Nikikumbuka sasa naona kama namtazama mtu mwingine aliyevaa shati langu.

Kisha wakaja wapimaji. Walichomeka vijiti vyenye rangi nyekundu toka ufukweni mpaka nyuma ya nyumba yetu, na baada yao akaja injinia wa mradi, Ndugu Kapinga, kijana wa Songea aliyekuwa amesoma Ulaya. Unamkumbuka, alikuwa akikupa pipi. Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa matanuri, watu wakakaa juu ya marundo ya mawe.

"Ndugu zangu," alisema, "gesi ni hewa inayowaka. Wenzetu wa Aljeria wanayo nyingi ardhini. Wanaipoza kwa baridi kali mpaka inakuwa maji. Ikiwa maji inapungua sana, inatosha kubebwa melini. Hapa kwenu kina cha bahari kinafaa. Tutajenga gati na matangi. Meli ikifika tunaipokea ile gesi, tunaipasha joto polepole, inarudi kuwa hewa, tunaipeleka kwa bomba kwenye kiwanda cha mbolea na mitambo ya umeme."

Bi Salima, ambaye hata wakati ule alikuwa bibi wa watu wengi, akainua mkono.

"Hewa igeuke maji, maji yageuke hewa," alisema. "Na sie tugeuke nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Kapinga naye alicheka. "Nyinyi mtageuka wanakijiji cha ujamaa, mama. Kule Chanika. Kutakuwa na shule, zahanati na kisima."

Mkutano ulipokwisha akaniita pembeni, akatandaza ramani juu ya boneti ya gari. Akanionesha Chanika kwa kidole. Palikuwa na viboksi vya nyumba vimepangwa mistari, na duara dogo la buluu katikati.

"Hicho ndicho kisima?" nikauliza.

"Ndicho, ndugu balozi. Kimo kwenye mpango."

Mwanangu, mie nilisikia neno "kimo". Hayo mengine hayakuniingia. Jioni ile nikapita nyumba kwa nyumba nikawaambia watu kisima kimo.

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Huko Chanika umepaona?"

"Nimeoneshwa."

"Nimekuuliza, umepaona?"

"Mwanahawa, serikali yetu wenyewe haiwezi kutupeleka mahali—"

"Sijakuuliza habari za serikali," akasema, akaendelea na mchele wake.

Ningeweza kwenda kupaona. Treni ilikuwa inafika Pugu, na kutoka Pugu mtu mzima anatembea mpaka Chanika bila kufa. Ningekwenda Jumapili yoyote. Sikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalolipata si zuri. Niliogopa nikienda nikute hakuna kisima, kisha itabidi nirudi niwaambie watu, na ule mradi nilikuwa nimeshaupenda. Nilipenda neno lenyewe, kituo cha gesi. Nilipenda kwamba mie, mpakua mizigo, naitwa ndugu balozi na mtu aliyesoma Ulaya. Mtu akitaka sana kuamini jambo hulizunguka mbali, asije akaligusa na kukuta halina kitu ndani.

Siku ya kuhama nilivunja nyumba yangu kwanza, ili wengine waone. Unakumbuka malori. Ulikuwa umekaa juu ya godoro ukishikilia kuku. Nyumba zote zilipakiwa isipokuwa ya Bi Salima. Yeye alikuwa ameketi makaburini, kwenye kaburi la mumewe, na bakora yake mapajani. Askari mmoja akataka kwenda kumtoa. Nikamwambia ngoja, huyu ni mtu wangu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Bibi, gari linaondoka."

"Liondoke. Nani kalizuia?"

"Bibi, watakuja kukushika."

"Bora unishike wewe," alisema.

Nikageuka nikampa mgongo, akapanda kama mtoto. Alikuwa mwepesi, Tausi, mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Tulipokuwa katikati ya njia akanisemesha sikioni, taratibu, watu wasisikie. "Mwanangu, mgongo ni wako. Sasa usiniangushe."

Tulifika Chanika jua linazama, tukakuta vichaka vimekatwa na vigingi vya viwanja. Hapakuwa na kitu kingine. Kisima hakikuwepo. Maji yalikuwa bondeni, dimbwi walilokuwa wakinywea ng'ombe wa watu wengine. Watu walishuka kwenye malori, wakatazama, kisha mmoja mmoja wakageuza uso wakanitazama mie. Mama yako alishusha vyombo vyake, akachukua ndoo, akauliza bonde liko upande gani, akaenda. Hakuniambia "nilikuuliza". Hata siku moja hakuniambia. Siku nyingine natamani angelisema, ningekuwa na kitu cha kubishana nacho.

Mradi ulituahidi kazi, na kazi ilikuwepo kweli. Nikafanywa mnyapara wa vibarua. Kwa kuwa Chanika ni mbali na Mtondooni, nilikuwa nalala kambini siku za kazi, nakuja nyumbani mwisho wa juma. Wewe na mama yako mlibaki na bonde lile. Alikuwa na mimba. Alikuja na kapu la chokaa kutoka Mtondooni, akapaka kile chumba chetu cha udongo ndani na nje kikawa cheupe, nyumba pekee nyeupe katika pori lote. Nilimkuta amechafuka mpaka nyusi, nikamuuliza ana haja gani ya kujichosha na hali ile. Akasema, "Mtoto azaliwe mahali panapoonekana."

Sasa nafika pale ambapo wewe ulikuwepo na mie sikuwepo.

Ilikuwa masika. Tulikuwa tunamwaga zege la msingi wa tangi kubwa, duara ambalo ukisimama upande mmoja humtambui mtu aliye upande wa pili. Sheria ya zege la msingi ni moja. Likishaanza kumwagwa halikatizwi, kwa sababu lile la jana na lile la leo hayashikani vizuri, na tangi la gesi haliwezi kukaa juu ya msingi wenye mshono. Kapinga alikuwa ametueleza hayo zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimesimama juu ya mbao, vibarua wanasukuma mikokoteni, nikaona jirani yetu wa Chanika anakuja na baiskeli, tope mpaka kifuani.

"Balozi, mkeo kashikwa na uchungu. Bi Salima anasema hali si nzuri. Tafuta gari uje."

Gari la mradi lilikuwepo. Kapinga alikuwepo, na najua angenipa, hakuwa mtu mbaya. Nilimtazama yule jirani, nikatazama zege, nikasema maneno ambayo wewe uliyasikia yalipofika nyumbani. Nikasema, "Zege likishamwagwa halikatizwi. Mwambie nakuja likiisha."

Yule bwana akageuza baiskeli yake. Alipofika Chanika peke yake, wewe ulikuwa mlangoni. Bi Salima ameniambia. Ulimuuliza, "Baba yuko wapi?" naye, kwa kuwa hakuwa na la kutunga, akakujibu, "Baba yako anasema zege."

Tulimaliza kumwaga giza linaingia. Nikapewa gari. Njia ya Chanika ilikuwa imekatwa na maji, gari likakwama, nikashuka nikaenda kwa miguu. Nilipofika nilisikia kwanza ukimya, maana nyumba yenye uzazi huwa na kelele. Mtoto alikuwa wa kiume, alizaliwa hana pumzi. Mama yako alitokwa na damu mpaka akaisha. Wewe ulikuwa umekaa nje ukutani kwenye ile chokaa nyeupe, mgongo wako wote umekuwa mweupe. Nikakuita. Ukaingia ndani.

Sikulia. Watu walidhani ni ushupavu, wengine walidhani ni roho ngumu. Haikuwa lolote kati ya hayo. Umewahi kulalia mkono, ukaamka ukaugusa ukaona kama ni wa mtu mwingine? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nikaosha, nikazika, nikapokea mikono ya watu. Wali wa msibani niliula nao, nikaona una chumvi. Matanga yalipoanuliwa nikarudi kazini, zege lilikuwa limekauka, Kapinga akaja akanishika bega akasema, "Pole sana, mzee wangu." Nikamwambia, "Tumwagilie maji, lisije likapasuka." Nikachukua mpira wa maji, nikamwagilia.

Shangazi yako alipokuja kukuchukua ukasome Tandale, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ulikuwa husemi nami. Ulikuwa ukinipa maji ya kunawa, ukiniwekea chakula, shikamoo unaniamkia kila asubuhi, na baada ya shikamoo hakuna neno lingine. Nikajiambia mtoto atapona kwa wanawake wenzake. Ukweli ni kwamba nilishindwa kukaa chumba kimoja na mtu aliyeniuliza niko wapi. Ulipopanda gari hukugeuka nyuma, nami sikukuita. Hilo nalo ni langu. Mtoto hujifunza kunyamaza kwa mtu, na wewe ulijifunza kwangu.

Mradi uliendelea kidogo. Nguzo za gati zilisimama baharini. Kisha vibarua wakaanza kupunguzwa, saruji ikawa haiji, mafundi wa kigeni wakaondoka likizo wasirudi. Siku moja Kapinga akaja Chanika mwenyewe kwa miguu, viatu mkononi. Nilikuwa naparua ukuta.

"Mzee, mradi umesimama," akasema.

"Umesimama au umekufa?"

Alikaa kwenye kinu. "Wamepata gesi hapa hapa nchini. Chini ya bahari, huko kusini. Hakuna haja ya kuleta ya Aljeria tena."

"Kusini wapi?"

"Upande wa Kilwa, mzee. Kwenu."

Nadhani alingoja nipige kelele. Alistahili kuziogopa, alikuwa ametembea njia yote ile kuja kuzipokea. Mie nilimuuliza kama atakunywa chai. Nikampikia, akanywa. Bi Salima alikuwa anasikiliza toka uani kwake. Akasema kwa sauti, bila kumwelekea mtu, "Basi sasa waende wakawahamishe samaki."

Nilitarajia kijiji kinifukuze. Nilikwenda mkutanoni nikawaambia naacha ubalozi, nikaeleza kwa nini, ingawa walikuwa wanajua. Niliwaambia habari za kidole na ramani, na lile duara la buluu. Wengine wawili watatu walikuwa wamezika watoto kwa sababu ya maji ya lile dimbwi la bondeni. Mmoja wao akasimama akaondoka, na mpaka leo hatuamkiani. Ana haki yake. Bi Salima ndiye aliyesema, "Kaa papo hapo. Ukiacha, tutamlaumu nani?" Kisha akaongeza, "Kesho njoo na jembe. Hicho kisima si kimo?"

Tukachimba. Nilichimba na wale walionichukia na wale walionihurumia. Tuliangukia mwamba tukahama, tukachimba tena. Ujamaa nilioueleza mpaka koo likakauka niliuona mle shimoni, watu wanapeana ndoo ya udongo hawaangaliani usoni. Maji yalipotoka yalikuwa machafu, baadaye yakatulia. Ndiyo uliyooga leo asubuhi. Sikufurahi. Wengine walipiga vigelegele, mie nikakaa kando nikasafisha jembe.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtondooni. Sikukuambia. Minazi michache imebaki, matanuri yamefukiwa, nguzo za gati zimeota chaza. Nikapanda juu ya ule msingi. Mbuzi wanalala juu yake, kwa kuwa unapata jua vizuri. Niliuzunguka wote, nikainama mara nyingi, nikapapasa kwa kiganja. Ni zege zuri sana, Tausi. Halina hata ufa.

Nilikaa pale, nikasubiri kitu kinijie, hasira au kilio. Hakuna kilichokuja. Mbuzi mmoja alinikaribia akanusa mfuko wangu, akaona hauna kitu, akaondoka.

Sasa nikueleze siku uliyoniambia umechaguliwa. Ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, nimepata. Ni Aljeria. Ni mambo ya gesi." Nami nikasema, "Hewala," nikaenda kuwafungia kuku. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilikwenda bandani nikasimama katikati ya kuku muda mrefu nikitafuta ndani yangu mahali pa kukuwekea hiyo habari.

Kisha juzi, tulipokuwa tunafunga sanduku, nikajikaza nikakuuliza kwa nini gesi. Kuna udaktari, kuna ualimu. Hukuinua uso. Ulisema, "Nataka kukijua kile kitu kilichokuwa muhimu kuliko sisi."

Sikukujibu. Nilivuta kamba, nikafunga fundo, nikatoka. Barua yote hii ni kwa ajili ya jibu hilo, na nimezunguka mno kulifikia.

Hakikuwa muhimu kuliko nyinyi. Ungeniuliza siku ile, ungeniweka chini ukasema chagua, msingi au Mwanahawa, ningecheka kwa swali la kijinga. Lakini hakuna aliyeniuliza hivyo, na mie sikujiuliza. Sikupima. Zege lilikuwa mbele ya macho yangu, linakwenda, watu wananingoja niseme mwageni hapa, mwageni pale. Mama yako alikuwa mbali, na nilizoea kwamba anaweza. Alikuwa anaweza kila kitu. Hivyo ndivyo mtu anavyompoteza anayempenda. Wengi tunadhani kuna siku ya kuchagua, itakuja imevaa nguo zake tuitambue. Mie ilinijia na tope na baiskeli, katikati ya kazi, nikaiambia isubiri.

Bi Salima husema hata ningekuja na gari, njia ilikuwa imekatika, na damu ile haikuwa ya kungoja mtu. Anasema ili nilale. Huenda ni kweli. Lakini angeniona nimekuja. Nawe ungeniona.

Sikuombi usijenge. Jenga. Nchi inahitaji, na gesi haina kosa, imelala chini ya bahari ya kwetu toka kabla ya babu zetu, haikumtuma mtu. Siku moja nawe utasimama mbele ya watu waliokaa juu ya mawe yao, utawaeleza mambo makubwa, na watakuamini kwa kuwa una sauti kama yangu. Ukishamaliza kusema, panda treni, shuka, tembea, ukapaone unakowapeleka. Uyanywe maji ya kisima chenyewe. Na mtu akikujia na baiskeli, shuka kutoka juu ya mbao. Basi. Sina kingine cha kukufundisha, na hiki nimekinunua ghali.

Nasikia sauti ya shangazi yako njiani, na yako. Unacheka kitu. Sijui kama unajua kuwa ukicheka unafanana na mama yako, unavuta pumzi kwanza. Nimezoea kuisikia sauti hiyo mkiwa na Bi Salima, nikiingia mnanyamaza. Leo sitaingia. Nitakaa huku ndani niwaache mcheke mpaka mtosheke.

Kesho Bi Salima naye anakuja uwanjani, amesema hajaona ndege ikiwa chini. Shangazi yako atalia, na wanafunzi wenzako watakuwa na wazazi wao wanaolia. Usitafute machozi kwangu, mie mwenyewe nimeshayatafuta, sikuyapata. Nitakuuliza kama umekula. Unijibu tu umekula. Halafu, kama utaweza, kabla hujapanda ngazi ugeuke nyuma mara moja. Nitakuita safari hii. Nitakuita kwa sauti ile ya mikutano, hata watu washangae.

Baba yako,
Hamisi, wa Chanika